Mapambo ya fondanti yapande mwisho, na keki isirudi friji

Mleta uzi, simama hapo hapo. Usiguse mlango wa friji.

Nimesoma ulichoandika mara mbili, nikajiona mwenyewe miaka minne iliyopita. Keki ya batakrimu nyeupe (krimu ya siagi na sukari), maua mekundu ya fondanti (ile sukari laini inayokandwa kama udongo), herufi nyeusi ubavuni, unabandika vyote leo usiku, keki inalala friji, kesho unaibeba "mapambo yakiwa yameshika". Hayatashika, mdogo wangu. Yatakuaibisha mbele za watu waliovaa vizuri.

Yangu ilikuwa keki ya harusi, ghorofa mbili. Nilikuwa nimesoma darasa la kulipia la mwalimu mmoja wa keki mtandaoni, simtaji, mwenyewe anajijua. Akasema kwa sauti ile ya upole inayokufanya usiulize swali: "Bandika usiku, weka friji, baridi inagandisha kila kitu mahali pake." Nikaandika kwenye daftari. Nikapigia mstari, tena kwa kalamu nyekundu. Kumbe nyekundu ilikuwa dalili.

Saa 12 asubuhi nikafungua friji. Keki imenyooka, kavu, maua yamekaa kama yameota pale. Nikapiga picha, na picha hiyo ndiyo kitu pekee kizuri kilichobaki kutoka siku ile. Boksi halikufunga juu kwa sababu ya maua, nikaliacha wazi, nikaingia garini. Nusu ya safari nikageuka kuangalia, naona maua yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikajisifu moyoni. Mpumbavu mimi, lile lilikuwa jasho!

Tulipofika, kila ua lilikuwa linalia machozi mekundu juu ya ile batakrimu nyeupe. Ungedhani kuna mtu amechinjiwa ghorofa ya pili. Herufi nazo zilikuwa zinateremka taratibu, kila moja na njia yake nyeusi nyuma, kama konokono. Nilikuwa nimeandika HERI YA NDOA. Neno NDOA lilidondoka lote kabla ndoa yenyewe haijafungwa. Shangazi wa bibi harusi akaliona. Sitasema alichosema.

Hapo nikafanya kosa la pili: nikachukua tishu nikafuta. Usifute. Rangi ikiwa imelowa, tishu inaisambaza tu, na mstari mwembamba unakuwa doa la kiganja. La tatu ndilo linaniuma mpaka leo. Jikoni kwao kulikuwa na friji kubwa, nikairudisha keki ndani "ikauke". Baada ya nusu saa ikaonekana imetulia. Nikaitoa kwa furaha, na ndani ya dakika chache ikaanza kutoka jasho upya, safari hii na fondanti imekuwa laini kama ubani uliotafunwa, petali zimelala. Tuliishia kuigeuza upande mbaya utazame ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa. Hela ya mteja nilirudisha yote. Siagi, sukari na usingizi wa siku mbili sikurudishiwa na mtu.

Nilipomwandikia yule mwalimu, akanijibu: "Labda fondanti yako haikuwa nzuri." Fondanti yangu! Baadaye nilirudia video zake nikaona kiyoyozi ukutani nyuma yake, kinavuma kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hewa yake kavu, keki yake haitoki nje ya chumba kile, halafu anatufundisha sisi tunaobeba keki kwenye joto. Kusema "friji" bila kusema "na ukiitoa je?" ni kumfundisha mtu kupanda mti ukaishia hapo.

Sababu ni rahisi, hata haihitaji darasa la kulipia. Toa chupa ya soda friji, iweke mezani, tazama inavyolowa nje. Hewa yenye joto na unyevu ikigusa kitu cha baridi, unyevu unageuka maji. Keki ni hivyo hivyo. Sasa fondanti karibu yote ni sukari, na mara nyingi ina gliserini, ambayo nayo inavuta unyevu. Inayanywa yale maji, inalainika, inanata, na rangi nzito kama nyekundu na nyeusi inaanza kutembea. Chini yake kuna batakrimu iliyoganda kwa baridi, yaani ukuta wa mafuta, na juu ya ukuta huo kuna umande. Kitu kilicholowa juu ya mafuta magumu kitashikwa na nini? Na mimi kwa ujuzi wangu nilikuwa nimepaka maji kwa brashi nyuma ya kila herufi kama gundi, mengi, ili "ishike zaidi". Maji mengi yanayeyusha sukari. Nilijitengenezea utelezi kwa mkono wangu.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine: friji ni ya keki iliyopakwa batakrimu tu, ikiwa uchi. Mapambo yanapanda mwisho, na yakishapanda, keki haiingii friji tena.

Mapambo yatengeneze mapema, siku 2 au 3 kabla, uyaanike kwenye trei iliyonyunyiziwa konflawa kidogo, mahali pakavu. Usiyafungie kwenye bakuli lenye mfuniko wa kubana, hayatakauka, na usiyaweke friji (narudia kwa sababu najua kuna mtu anasoma hapa na bakuli tayari liko mkononi). Ila vipande vya kuzunguka ubavu wa keki usivikaushe mpaka vikawa kama kigae, vitapasuka ukivipinda. Vikate vyembamba, milimita 2 hivi, uvibandike vikiwa bado vinakunjika.

Siku yenyewe toa keki, iache mpaka umande uishe. Gusa kwa ncha ya kidole pembeni: kidole kikitoka kimelowa, bado, subiri. Kama batakrimu ni ile ya siagi na sukari ya unga, itakuwa imefanya ukoko, na kitu kikavu hakishiki kwenye ukoko. Weka tone la batakrimu mbichi nyuma ya pambo, bonyeza polepole, hesabu mpaka 10, achia. Ile ya ute wa mayai haifanyi ukoko, lakini ikitoka kwenye baridi inakuwa ngumu vile vile, kwa hiyo tone ni lile lile. Ukiweza, bandika huko huko unakoipeleka. Mimi siku hizi nabeba mapambo kwenye boksi lake, nabeba kifuko cha batakrimu, na watu wananiangalia kama fundi bomba aliyekuja kuziba mahali. Waangalie tu.

Kuna atakayekuja kusema yeye huweka friji kila siku na haijawahi kumtokea. Najua mbinu yake: boksi la karatasi limefungwa vizuri, na akilitoa halifungui mpaka keki ifikie joto la chumba, ili umande uishie nje ya boksi. Kweli inafanya kazi. Inafanya kazi mpaka mama mkwe aseme "hebu nichungulie kidogo".

Uliuliza pia kuhusu namba 5 kusimama juu ya keki. Changanya CMC (unga unaofanya fondanti ikauke ngumu) kwenye hiyo fondanti, chomeka kijiti namba ikiwa bado laini, kijiti kitokeze chini kiasi cha kuzama ndani ya keki, iache ilale bapa angalau siku 2 na uigeuze katikati. Namba iliyotengenezwa leo haitasimama kesho, itakuinamia. Na kama keki ni ya watoto, waambie wenyewe kuna kijiti mle ndani.

Kulikuwa na swali lingine la utepe, sijui rangi gani au upana gani, nimelisahau na sirudi juu kulisoma, damu imeshapanda. Wengine watakujibu.

Kwanza nijibu wewe: keki iko wapi saa hizi? Kama umeshabandika, chomoa maua yote sasa hivi wakati batakrimu bado laini, mashimo yake utayaziba kesho.