Jibu: Kamba ya mpaka nyuma ya kikapu

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: kwenye uwanja wenu wa diski gofu (mchezo wa kutupa diski hadi iingie kikapuni) mmefunga kamba ya mpaka karibu sana nyuma ya kikapu, diski ikatua ikiegemea kamba, kundi la wachezaji likatoa adhabu, na sasa watu wanailalamikia hiyo kamba.

Kwanza angalieni diski yenyewe. Kwa kanuni za PDGA, chama cha diski gofu ya kulipwa, kamba ni sehemu ya nje, lakini diski haihesabiwi nje mpaka iwe imezungukwa yote na eneo la nje. Ukingo wa diski ukiingia ndani hata kidogo, hakuna adhabu. Inameni muitazame kutoka juu, msihukumu mkiwa mmesimama mbali. Ikiwa nje kweli, ongezeni mtupo mmoja. Mchezaji arudi alikotupia, au asimame pale diski ilipokuwa ndani mara ya mwisho, akiruhusiwa kusogea hadi mita moja kutoka mpakani.

Kuhusu kamba, mimi huanza na ardhi. Uwanja wa Winthrop kule Rock Hill, South Carolina, wanakochezea USDGC, mashindano ya ubingwa wa diski gofu ya Marekani, una kamba nyingi kwa sababu sehemu kubwa ni nyasi wazi: bila kamba mtu angetupa kokote asipate hasara. Hapo kamba inamlazimisha mchezaji kuchagua. Ila kwenu umesema pana mteremko wa ardhi ngumu nyuma ya kikapu, kwa hiyo mtupo mzuri unateleza na kuadhibiwa sawa na mbovu. Hilo linaniudhi kwelikweli. Hamishieni kamba pembeni, kwenye njia ya mkato, kisha mcheze hapo kwa majaribio kabla ya siku ya mashindano.