Kabla hujalipa karo ya masomo ya mbali

Ami yangu alisomea uwekaji hesabu kwa posta, miaka ya sabini, akiwa karani pale bandari ya Kilindini, hapa Mombasa. Bahasha ya khaki ilikuja kwenye sanduku la posta la ofisi. Anasoma, anajibu maswali kwa kalamu ya wino, anairudisha, halafu anangoja wiki tatu kujua kama alipata au alikosa. Nilikuwa nikimcheka sana. Kisha nikajiandikisha mimi mwenyewe katika kozi ya mtandaoni, kila kitu kwenye simu, na muhula wa kwanza nikaanguka masomo mawili kati ya manne.

Kosa langu lilianzia kwenye hilo neno "mbali". Nilidhani ni habari ya kilomita, na kilomita zilishapatiwa dawa zamani. Mwaka 1840, stampu ya peni moja ilipoanza kule Uingereza, Mwingereza Isaac Pitman alikuwa akifundisha hati mkato kwa posta. University of London ikafungua mitihani yake mwaka 1858 kwa watu wasiohudhuria darasa. Chuo kikuu cha Unisa cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa posta 1946, na ni kupitia kwake Nelson Mandela alipata shahada ya sheria 1989, bado yuko kifungoni. Jirani zetu Watanzania walianzisha Chuo Kikuu Huria 1992. Barua, redio, kanda, televisheni, sasa intaneti: kila kilipokuja chombo kipya, kungoja kulipungua.

Lakini bahasha ya ami ilikaa juu ya meza. Nyumba nzima iliiona. Bibi akipita na sinia ya chai alimuuliza, "Hujajibu tu?" Yangu mimi ilikuwa ndani ya simu, pamoja na WhatsApp na matokeo ya mpira, na hakuna aliyejua kama nimefungua somo au la. Hata mke wangu alidhani nasoma kila nikishika simu. Wallahi sikumsahihisha.

Basi muhula wa pili nikairudisha ile bahasha. Nilipeleka nyaraka za somo kwa duka la fotokopi Mwembe Tayari, nikazichapisha, nikaziacha mezani waziwazi. Bei iliniuma, ila zikawa zinanikodolea macho. Kwenye kundi la darasa nikampata mwenzangu mmoja wa Kisauni, tukawa tunakutana Jumamosi baada ya Asri, barazani kwao. Mara nyingi hatukufundishana lolote. Ilitosha kujua kwamba ataniuliza nimefika wapi. Ikiwa utashika jambo moja tu katika haya yote, shika hilo la mtu wa kukuuliza, hata akiwa mtoto wako wa darasa la sita.

Kuhusu kusoma kwenye feri ya Likoni, ile ya kuvukia ng'ambo, maana wengi huniuliza kama inafaa: ndiyo, foleni inatosha kusikiliza mhadhara mzima, pakua tu nyumbani usile bando njiani. Lakini sikiliza kile ulichokwisha kukisoma. Nilijaribu kujifunza somo jipya la takwimu pale, kati ya honi na mikokoteni, nikateremka ng'ambo sijui nilichosikia.

Na kazi za kuandika tuma siku moja mapema. Mimi nilingoja saa tano na nusu usiku, muda ukifungwa saa sita, stima ikapotea mtaa mzima. Chuo hakikutaka kusikia habari ya stima.

Sasa kabla ya kulipa. Hakikisha kwanza kwamba kozi ya shahada inatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Binamu yangu alitoa pesa za karo mwaka mzima, cheti kikakataliwa kazini. Kisha piga simu uulize: mitihani inafanyiwa wapi, Mombasa au nitapanda basi hadi Nairobi? Nikituma zoezi, nani atalisahihisha, na litarudi baada ya siku ngapi? Ami alingoja wiki tatu, lakini lilirudi na maandishi mekundu pembeni, mtu amemwonyesha alipokosea. Mimi muhula wa kwanza nilipewa alama tu, bila neno. Anayepokea simu akianza kukusifia mtambo wao badala ya kukujibu hilo la mwisho, siku hiyo usilipe.