Usivuke Mokowe na bahasha

Ndugu yangu wa Shela, kisiwani Lamu, umemaliza riwaya na wauliza kama uvuke hadi gati la Mokowe, bara, upande basi uipeleke kwa wachapishaji Nairobi mwenyewe. Usijichoshe. Wahariri wengi hutaka barua pepe: muhtasari wa ukurasa mmoja na sura chache za mwanzo. Ila tazama kwanza wanachochapisha. Wachapishaji wengi Kenya wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya mapenzi ya watu wazima watakurudishia upesi. Kiamu, lahaja ya Lamu, kwenye maneno ya wahusika kiache kama kilivyo. Simulizi ndiyo isomeke hata bara. Tuzo ya Safal ya fasihi ya Kiswahili nayo hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Anayekudai pesa ndipo akuchapishe, huyo ni mpiga chapa tu. Ukipata mkataba, mpe wakili asome kifungu cha mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo, kabla hujatia saini.