Maji baridi, lakini si ya kunywa?

SWALI: Tumechimba kisima kijijini kwetu, chini ya Mlima Meru. Majibu ya maabara yameandika "maji baridi", halafu mstari wa chini yake "hayafai kwa kunywa". Maji ni maangavu kabisa, tena yana uvuguvugu. Maji baridi si ndiyo yanayonywewa?

JIBU: Ndugu msomaji, maabara haikujichanganya. "Baridi" hapo haihusu joto. Neno lilitoka Kiarabu likiwa na maana hiyohiyo ya kutokuwa na moto, lakini Waswahili walilitumia pia kutenga maji ya visima na mito na yale ya chumvi, ya baharini. Wengine husema maji matamu. Ndiyo maana sato wa Ziwa Victoria ni samaki wa maji baridi, ingawa ukioga humo hutetemeki. Kwetu sisi wa vipimo, kwa kawaida maji huitwa baridi pale chumvichumvi zote zilizoyeyuka zinapokuwa chini ya miligramu 1,000 kwa lita. Basi, hapo neno limemaliza kazi yake. Vijidudu na sumu halivigusi.

"Safi" nalo, Kiarabu vilevile, hutazama zaidi uangavu na kutokuwa na taka. Mamlaka zetu huandika "majisafi" kwa neno moja ili yasichanganywe na majitaka. Hilo ni jina la huduma.

Maji ya kunywa ni yale yaliyofaulu vipimo. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, bakteria wa E. koli wasionekane kabisa katika mililita 100, na floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa mahali mlipo, nashuku floraidi ndiyo iliyowaangusha. Hutoka kwenye miamba ya volkano, haina rangi wala harufu, na meno ya kahawia ya watoto wengi wa Arusha ni kazi yake. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa.

Msijaribu kuyachemsha kwa ajili hiyo: kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke kiwango chake hupanda. Ombeni maabara iwape tarakimu yenyewe. Kama ni floraidi, chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe huipunguza vizuri, mradi mkaa ubadilishwe ukichoka. Kwa sasa kingeni mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia. Ya kisima yafulieni.