Kutoka pampu ya kahawia kwenda ya unga: nilivyoziharibu wiki tatu za kwanza

Dada, kama nimekuelewa vizuri: miaka sita umetumia pampu ya pumu ya kahawia, ya beklometasoni, sasa daktari amekuhamishia ya unga, ile ya kuzungusha kitako. Leo siku ya tano, husikii ladha wala kitu kupiga kooni, usiku kifua kinabana, na ile ya zamani iko kabatini, imebaki nusu. Unauliza uvumilie au uirudie, na ukiiacha uifanyie nini. Mimi si daktari. Ni fundi seremala, Keko hapa Dar, na pumu ninayo tangu darasa la tatu. Ila njia hiyo nimeipita mwaka 2021 na nikaikosea kila kona, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Nianze na sababu ya kubadilishiwa, maana nahisi hata wewe hukuelezwa. Kwenye karatasi nilikuwa natumia ya kahawia asubuhi na jioni. Kwenye maisha nilikuwa naikumbuka siku nikizidiwa, na kazi yote nimeiachia ya bluu, salbutamoli, ile ya kufungua kifua haraka. Mwaka ule tulipata oda ya milango ya mvule, na anayeujua mvule anajua ukiupiga msasa lile vumbi lake linavyoingia kifuani kama pilipili. Kopo la bluu lenye mipulizo 200 nilikuwa nalimaliza chini ya mwezi. Daktari akaniuliza nimenunua mangapi tangu mwaka uanze. Nikamjibu kwa fahari kabisa, "Sikosi dokta, kila mwezi naweka jipya." Akaweka kalamu chini.

Nilikuwa sijui kwamba mwongozo wa pumu wanaoufuata madaktari nchi nyingi, wa GINA, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, tangu 2019 haukubali tena mtu mzima atibiwe kwa ya bluu peke yake. Makopo matatu ya bluu kwa mwaka wanayahesabu ni onyo. Kumi na mbili wanayahesabu ni hatari ya kufa. Mimi nilikuwa nakimbilia hapohapo, tena najisifu.

Nikaja kulielewa kwa lugha ya kazi yangu. Mlango ulionyeshewa masika unavimba na kung'ang'ania fremu. Unaweza kuusukuma kwa bega ukafunguka. Hiyo ndiyo bluu. Lakini ubao bado umevimba, kesho utasukuma tena kwa nguvu zaidi. Ya kahawia, na hiyo mpya yako, ina steroidi ya kukausha ule uvimbe wenyewe ndani ya njia za hewa, na ubao haukauki kwa siku moja. Siku chache utaona unafuu kidogo, wiki kadhaa ndiyo utasema kweli. Kwa hiyo siku tano haziwezi kukwambia kama dawa ni mbaya. Lakini zinaweza kukwambia kama dawa haifiki, na mimi kwangu ilikuwa haifiki.

Nilipewa budesonidi, ambayo ni steroidi, na formoteroli, ya kufungua kifua, kwenye kifaa cha unga kinaitwa Turbuhaler. Duka la dawa wakaniandikia kwenye boksi "1x2" na kunirudishia chenji. Nyumbani nikaishika kama nilivyoshika pampu miaka yote. Nikaitikisa, nikasikia kitu kinachezacheza ndani, nikasema safi, imejaa. Nikapuliza pumzi yote nje, ndani ya mdomo wake. Halafu nikavuta taratiiibu, kama tulivyofundishwa na ya gesi, yaani ile ya kahawia au ya bluu. Sikusikia kitu. Nikazungusha tena, nikavuta tena taratibu. Kimya. Usiku wa nne niliamka saa tisa kifua kinapiga mluzi, nimekaa ukingoni mwa kitanda nimeshika magoti, mke wangu ananipepea na ganda la boksi. Asubuhi nikairudia ya kahawia. Baada ya siku mbili nikaona aibu ya hela niliyolipa, nikarudi kwenye ya unga. Hivyohivyo wiki tatu, leo hii kesho ile, na ya bluu naipiga katikati. Mama mkwe naye akawa ananiletea asali na tangawizi, akisema pampu zinazoesha mwili. Asali niliila, tamu, kifua kikabaki palepale.

Aliyeniokoa ni mfamasia mmoja, binti mdogo tu. Nilienda kununua bluu nyingine, akaona nimeshika ile ya unga akasema, "Shikamoo fundi. Hebu nioneshe unavyovuta." Nikamwonesha. Hakunicheka, ila aliuma mdomo. Akaniuliza kama nina kitambaa cheusi. Nani mwenye kitambaa cheusi kama mtu wa makochi? Mfukoni nilikuwa na kipande cha bitana. Akaniambia zungusha, funika mdomo wa pampu kwa kitambaa kikiwa kimevutwa, sasa vuta kama unavyovuta. Nikavuta. Kitambaa cheusi tii. Akasema, "Sasa vuta kama unanyonya uji mzito kwa mrija, kwa nguvu tangu mwanzo." Nikavuta. Nilipokitazama, katikati pamebaki vumbi jeupe jembamba, kama alama ya msasa wa mwisho kabla ya vanishi. Nikabaki nimekiangalia. Wiki tatu nilikuwa navuta hewa.

Siri yote iko kwenye pumzi. Pampu ya gesi inajisukuma yenyewe, kwa hiyo wewe unatakiwa uvute polepole na kwa kina ili dawa isigonge ukuta wa koo. Ya unga haijisukumi. Haina gesi. Nguvu ya kuutoa unga na kuuvunjavunja ni pumzi yako mwenyewe, kwa hiyo unavuta kwa kasi na kwa nguvu tangu sekunde ya kwanza. Ukiileta ile pole ya zamani, unga unabaki ndani. Na kwa sababu haikurushii kitu kooni, na kipimo chenyewe ni kidogo mno, kutosikia ladha hakumaanishi haijaingia. Wala kule kuchezacheza ukiitikisa si dawa: ni chembe za kufyonza unyevu, zitalia hata dawa ikiisha.

Yule binti alinisahihisha na haya mengine, nakupa kama nilivyopewa. Ishike imesimama wima wakati wa kuzungusha, kitako chini. Ukiilaza haijazi sawasawa. Zungusha kitako hadi mwisho upande mmoja, kirudishe hadi usikie "tk". Ikiwa mpya kabisa, fanya hivyo mara mbili kabla ya mvuto wa kwanza, baada ya hapo mara moja kwa kila mvuto. Ukizungusha mara tatu hupati dozi tatu, unapata moja tu, na kihesabio kinaendelea kukata. Toa pumzi pembeni, usipulize ndani, kwa sababu mvuke wa mdomo unaugandisha unga. Ukishavuta, bana pumzi kadiri ya kuhesabu kumi. Kisha sukutua maji na uyateme, usiyameze. Nilipuuza hilo nikaota utando mweupe kwenye ulimi na sauti ikakauka, mafundi wenzangu wakawa wananiita Mzee wa Kanisa. Kifaa usikioshe kwa maji, futa mdomo wake kwa kitambaa kikavu. Na spesa, kile kibuyu cha plastiki unachounganisha na pampu, hakifanyi kazi na ya unga. Kiache kwa ajili ya ile ya bluu.

Nikiwa hapo kwenye spesa, nitoke nje ya mada kidogo. Mwanangu wa pili naye anabanwa, na mtoto mdogo hawezi kuvuta kwa nguvu inayotakiwa na ya unga, kwa hiyo yeye yuko kwenye ya gesi na spesa. Ya dukani ilinishinda bei, nikamtengenezea ya chupa ya maji ya nusu lita: waya uliochomwa moto, tundu kitakoni linaloikamata pampu sawasawa, mtoto anavutia mdomoni mwa chupa. Niliona haya kumwonesha daktari, kumbe ni kitu kinachojulikana. Utafiti wa Cape Town uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1999 ulikuta kwamba kwa watoto waliobanwa, chupa ya plastiki iliyozibwa vizuri pale pampu inapoingia inafanya kazi sawa na spesa ya kununua. Kikombe cha povu, cha polistirini, ndicho kilichoshindwa.

Tuendelee. Kosa langu jingine lilikuwa mahali pa kuiweka. Nilikuwa naiacha karakana, juu ya benchi, bila kifuniko, kwenye vumbi na joto la Dar na unyevu wake. Unga ukilowa unashikana. Sasa yangu inakaa nyumbani kando ya mswaki wangu, lakini chumbani, si bafuni. Kando ya mswaki ndiyo dawa ya kusahau.

Kuhusu namba, usiziogope wala usizilinganishe mwenyewe. Uliandika kwamba ya zamani ilikuwa 250 na hii ni 160, kwa hiyo wamekupunguzia. Namba hizo peke yake haziwezi kukwambia hivyo. Mikrogramu za beklometasoni na za budesonidi ni za dawa mbili tofauti, ni kama kulinganisha futi na mita kwa kutazama tarakimu tu. Tena utakutana na boksi moja limeandikwa 160/4.5 na jingine 200/6, na muuza duka atakwambia hili la pili ni kali zaidi. Ni kipimo kilekile. Moja limeandika kiasi kinachotoka mdomoni mwa kifaa, jingine kiasi kilichopimwa ndani. Nilishawahi kulipa zaidi kwa ujinga huo.

Jambo moja mwulize daktari wako wazi, kwa sababu majibu hutofautiana mtu na mtu: je, hii mpya utaitumia pia ukibanwa? Formoteroli inafungua ndani ya dakika chache, kwa hiyo wengine, mimi nikiwemo, tuna pampu moja kwa kazi zote mbili: asubuhi na jioni, na mvuto mmoja nikihisi kubanwa. Nimeambiwa kwa siku nzima, yote kwa pamoja, nisivuke mivuto 12, na nikijiona naisogelea hiyo basi mimi si wa nyumbani tena. Lakini hilo ni kwa zenye formoteroli. Kama yako ina salmeteroli, inayochelewa kufungua, haifai kutumika hivyo, na ya bluu lazima ubaki nayo mkononi. Soma jina kwenye boksi, rangi zinadanganya.

Sasa hilo swali la kuvumilia. Kifua kubana usiku siku ya tano si kitu cha kuvumilia kimya, na wala si sababu ya kurudi nyuma peke yako. Leo hii fanya kile cha kitambaa cheusi mara moja, ujue kama unga unatoka. Kesho nenda kwa mfamasia au nesi wa kliniki na pampu zote mbili, uvute mbele yake. Kama unavuta sawa na bado usiku unaamka, mwone daktari wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki. Na ukifika mahali huwezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, au ya bluu inakupa chini ya saa nne tu halafu unarudi palepale, achana na hadithi zangu, panda bodaboda uende hospitali huku unaendelea kuvuta bluu njiani. Midomo ikibadilika rangi, asikwambie mtu usubiri asubuhi.

Mimi baada ya kurekebishwa niliandika kwa penseli ya useremala kwenye fremu ya mlango wa chumba, kistari kila siku niliyovuta asubuhi na jioni na alama ya mkato kila usiku niliyoamka. Wiki ya kwanza mikato mitano. Ya pili mitatu. Kufika ya sita hapakuwa na mkato hata mmoja, na kwenye kile kibomba cha kupuliza chenye mshale, kinachopima kasi ya pumzi, nilitoka 310 hadi 430. Vumbi la mvule bado linanisumbua, na barakoa nayo navaa, siku hizi hata kijana wangu wa kazi anavaa.

Ile ya kahawia iliyobaki nusu: usizitumie zote mbili kwa pamoja kwa kuhurumia hela, utakuwa unajizidishia steroidi bila mtu kujua. Usimpe jirani pia, hujui yeye ana nini kifuani. Iweke tu hadi daktari athibitishe kwamba hii mpya imekukubali, kisha ipeleke duka la dawa au kliniki wakusaidie kuiteketeza. Usiitupe kwenye takataka zinazochomwa uani. Lile kopo limeshindiliwa gesi, kwenye moto linapasuka kama baruti. Kwetu lilimrukia kuku.