Jiwe la nyoka liache nyumbani

Dada, umeuliza kama jiwe la nyoka, lile jeusi la kubandika mahali mtu alipoumwa na nyoka, litawatosha mkishuka kreta ya Menengai na vijana wa kanisa. Halitoshi. Jiwe hilo halinyonyi sumu, linamchelewesha mgonjwa tu.

Nyoka wa kuangaliwa sana huko ni moma. Yeye mara nyingi hakimbii akisikia hatua. Hulala kimya kando ya njia, mwili mnene wa kahawia wenye alama za V, usimtofautishe na majani makavu mpaka umemkanyaga. Kwa hiyo vaeni buti zinazofunika vifundo vya miguu na suruali ndefu nzito. Ndala hapana kabisa. Mkikuta gogo, pandeni juu yake kwanza, mtazame upande wa pili, ndipo mshushe mguu. Na mikono isiingie kwenye nyufa za mawe, tafadhali, hasa ya watoto.

Mtu akiumwa, mtulizeni, mvueni pete na viatu, mguu ufungwe gango usisogee, kisha abebwe hospitali. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Swila, yule nyoka anayetema sumu, akimtemea mtu machoni, osheni kwa maji mengi papo hapo, halafu hospitali vilevile.

Kabla ya safari, pigeni simu mjue ni hospitali gani Nakuru ina dawa ya sumu ya nyoka. Si zote huwa nayo.