Sinemani au bando?

Swali: Mhariri, filamu kubwa ikianza kuonyeshwa Kampala, ningoje muda gani niitazame nyumbani? Na bando la GB 5 litatosha? (Msomaji, Kansanga)

Jibu: Zamani kumbi za sinema ziliachiwa filamu kwa takriban siku 90. Tangu 2020 studio kubwa za Marekani zimepunguza, mara nyingi hadi siku 45 hivi. Hapo huanza kukodishwa mtandaoni, tena kwa bei kali. Kwenye usajili wa mwezi huja baadaye.

GB 5? Netflix kwa HD hula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo bando laweza kukata kwenye dakika ya 100, pale utamu ulipo. Chagua ubora wa kawaida, GB 1 kwa saa. Usiache kwenye otomatiki: mtandao ukiwa mzuri, ubora hupanda wenyewe.